Wazee Wawili Njiani kwa Baiskeli

Jumapili jioni

Baiskeli zimeegeshwa ukutani, tairi zimejaa upepo, minyororo imepakwa mafuta. Kesho mimi na shemeji tunaanza kuufuata mto kutoka huku vilimani mpaka unapomwaga maji yake ziwani, kilomita zipatazo 220, tukilala njiani. Mimi nina miaka 67, yeye 71. Enzi zangu za kazi ningeikata njia hii kwa siku tatu na kesho yake nikawa ofisini. Safari hii tumejipa wiki nzima, na Jumatano tumeitenga iwe siku ya mapumziko.

Hiyo Jumatano ndiyo iliyozua ubishi. Shemeji anasema tupumzike tukichoka. Nikamwambia, shemeji, uchovu wetu sisi hauji siku ile ile. Unapiga hodi kesho yake, wakati mwingine keshokutwa. Kijana akijichosha jioni, asubuhi keshasahau. Mwili wa mzee nao hujikarabati, ila fundi wake ni mmoja na hana haraka. Kwa hiyo siku zetu hatuzipimi kwa kilomita. Tunazipima kwa namna tunavyoamka.

Kila mmoja alipita kwa daktari wake kabla ya kufunga mizigo. Shemeji ana dawa mbili: moja ya presha, nyingine ya kuzuia damu isigande. Zote mbili zina habari yake barabarani.

Jingine la maandalizi: shemeji amekubali hatimaye baiskeli yenye bomba la juu lililoshuka, ile ambayo watu huiita ya kike. Alijizungusha miezi mingi akiona haya. Nyonga yake haipandi tena kama zamani, na kurusha mguu juu ya kiti huku umebeba mizigo nyuma ndipo wazee wengi wanapoangukia, kabla hata safari haijaanza. Jioni hii nimemwona anapanda na kushuka uani kama mtu anayevuka kizingiti. Haya zimekwisha.

Jumatatu, kilomita 35

Tumeondoka jua likiwa bado chini. Nusu saa ya kwanza tumenyonga taratibu, gia nyepesi, hakuna kushindana. Zamani dakika tano zilinitosha kupata moto. Sasa magoti yanalalamika mpaka kilomita ya saba au ya nane, kisha yananyamaza yenyewe, na ukiyalazimisha kabla ya hapo yatakulipiza usiku.

Shemeji ana saa ya mkononi inayohesabu mapigo ya moyo, zawadi ya wanawe, na kwa muda mrefu asubuhi alikuwa anaitazama kuliko barabara. Hesabu aliyoikariri ni ile ya kuchukua 220 ukatoa umri wako, ukapata kilele cha mapigo. Kwangu inakuja 153. Ipo nyingine, iliyochapishwa mwaka 2001, ya 208 kutoa umri mara 0.7, hiyo inanipa 161. Zote mbili ni wastani wa watu wengi, na moyo wa mtu mmoja unaweza kuwa mbali na wastani kwa mapigo kumi au zaidi. Kwa shemeji ndiyo hazina kazi kabisa. Dawa yake ya presha ni ya lile kundi linalouzuia moyo usikimbie, basi anaweza kuwa hoi na saa ikamwonyesha namba ya mtu anayetembea bustanini.

Kipimo chetu ni mazungumzo. Akiweza kunisimulia jambo kwa sentensi nzima, mwendo ni sawasawa. Akiweza kuimba, tunazembea. Akianza kunijibu "ndiyo" na "hapana", nabadili gia bila kumwambia kitu naye ananifuata. Leo alinisimulia kisa kizima cha ugomvi wa mpaka wa shamba, kina watu sita na mahakama mbili, kwa hiyo nina hakika hatukuzidisha.

Maji tunakunywa kwa saa, si kwa kiu. Kila dakika 20 funda mbili tatu. Kiu hufifia kadiri umri unavyosogea. Mwili unaweza kuwa umekaukiwa na ulimi usitoe taarifa. Jasho nalo hupungua, na joto hukwama ndani. Ndiyo maana saa sita tulikuwa tumeshafika.

Jumanne, kilomita 28

Siku ya mlima. Barabara inauacha mto na kupanda mgongo wa vilima kwa kilomita tisa, kisha inateremka upande wa pili. Niliuogopa tangu nilipoutazama kwenye ramani.

Kabla ya safari nilibadilisha gia ya mbele, nikaweka yenye meno machache kuliko ya nyuma. Fundi aliniuliza kama nina hakika, kwa sababu baiskeli kama hiyo kwenye tambarare inaonekana ya kitoto. Leo ningependa angekuwepo. Kwenye mlima siri yote ni kuwa na gia nyepesi vya kutosha mpaka miguu iendelee kuzunguka haraka, mizunguko 70 au 80 kwa dakika, badala ya kusukuma kila kanyagio kwa nguvu za kiuno. Ukisukuma gia nzito, mzigo unakwenda kwenye goti. Ukizungusha gia nyepesi, mzigo unahamia kwenye moyo na mapafu, na hivyo kwa mtu aliyezoea mazoezi hudumu kuliko gegedu la goti, ule utando laini unaokinga ncha za mifupa.

Katikati ya mlima vijana watatu walitupita wamesimama juu ya kanyagio. "Shikamooni wazee!" Tukaitika marahaba kwa pumzi iliyobaki. Baada ya dakika chache wakawa hawaonekani tena.

Niliwaza kuhusu hilo njia nzima. Misuli ina nyuzi za aina mbili kubwa: zile za kasi, za kuruka na kukurupuka, na zile za subira, za kwenda kutwa. Zinazosinyaa zaidi uzeeni ni zile za kasi. Kwa hiyo usishangae ukishindwa kuruka mtaro uliokuwa ukiuruka, huku bado unaweza kunyonga saa nne mfululizo. Wengi wetu tunaposhindwa lile la kwanza tunadhani na la pili limekwisha, tunaiweka baiskeli stoo, na hapo kweli la pili nalo linakwisha.

Kilomita ya mwisho ya mlima tulishuka tukasukuma. Shemeji hakutaka, akasema watu watatuona. Watu gani? Kulikuwa na mbuzi wawili. Tena kusukuma kuna faida ambayo kiti hakitoi: ukiwa umekaa juu ya baiskeli, mifupa haibebi uzito wako, na mfupa usiobebeshwa kitu hulegea. Baiskeli ni nzuri kwa moyo na kwa magoti, lakini mifupa haiijali. Mifupa inataka kutembea, kupanda ngazi, kunyanyua vitu.

Kuteremka ndiko kulikonichosha zaidi ya kupanda. Mikono inashika breki, shingo imeinuliwa, macho yanatafuta mashimo. Tunabana breki zote mbili, tunaachia, tunabana tena, ili rimu zisipate moto. Niliwahi kuteremka milima kwa kilomita 60 kwa saa. Leo sikuruhusu ifike 30. Jicho linachelewa kuona, akili inachelewa kuamua, mkono unachelewa kubana. Ukizijumlisha hizo, unahitaji barabara ndefu zaidi mbele yako kuliko uliyohitaji ukiwa na miaka 40.

Jumatano, mapumziko

Asubuhi nilishuka ngazi za nyumba ya wageni kinyumenyume, nimeshika ukuta. Mapaja yamekaza kama yaliyopigwa. Maumivu ya misuli iliyofanya kazi isiyoizoea hufika kileleni kati ya siku ya kwanza na ya tatu, kwa hiyo hata kesho yatakuwepo. Nilimtazama shemeji anakuja, naye kinyumenyume. Hakuna aliyesema neno kuhusu ule ubishi wa Jumapili.

Kupumzika si kulala kutwa. Tulitembea polepole kando ya mto karibu saa nzima, tukala vizuri, tukalala mchana. Kwenye kula nimekuwa mkali kwa sote wawili. Watu wakizeeka hupunguza protini bila kujijua, hamu inapungua na kutafuna kunakuwa kazi, wakati misuli ya mzee inahitaji protini zaidi ili ijengeke kwa kiasi kile kile. Wataalamu wengi wa lishe hutaja gramu 1 mpaka 1.2 kwa kila kilo ya uzito kwa siku kwa wazee wenye afya, tena ikiwa imegawanywa katika milo yote. Mwenye figo zenye matatizo amuulize daktari kwanza.

Mchana tulibishana kuhusu Robert Marchand. Huyu alikuwa Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1911. Mwaka 2012, akiwa na miaka 100, alinyonga kwa saa moja uwanjani akapata kilomita 24.25. Mwaka 2014, akiwa na 102, akarudi na kupata 26.927. Januari 2017 akiwa na miaka 105 alipata 22.547 katika uwanja wa Saint-Quentin-en-Yvelines, karibu na Paris. Alifariki mwaka 2021 akiwa na miaka 109.

Shemeji anasema huyo ni damu tu, watu wa namna hiyo huzaliwa hivyo. Sibishi kwamba damu ipo. Mimi ninachokitazama ni pale katikati. Kati ya miaka 100 na 102 umbali ulipanda. Katika kipindi hicho alikuwa amechanganyiwa mazoezi magumu kidogo ndani ya yale mepesi ya siku zote, na watafiti waliompima wakaona uwezo wake wa kutumia oksijeni umeongezeka. Halafu akafika 105 na umbali ukashuka. Kushuka kupo, hakuna anayekukimbia. Lakini mtu aliyevuka karne bado alipata pa kupanda kabla ya kushuka, na sisi wa miaka 60 na 70 tunakaa kwenye kochi tukisema muda umepita.

Nikamtajia na ule utafiti wa King's College London, matokeo yake yalianza kutoka mwaka 2015. Waliwachukua waendesha baiskeli 125 wa miaka 55 hadi 79. Wanaume walitakiwa wawe na uwezo wa kumaliza kilomita 100 chini ya saa sita na nusu, wanawake kilomita 60 chini ya saa tano na nusu. Taarifa za mwaka 2018 zilionyesha kwamba misuli yao haikuwa imesinyaa kwa namna iliyotarajiwa, na tezi ya thaimasi, ile iliyo nyuma ya mfupa wa kifua inayotengeneza chembe za kinga na ambayo kwa kawaida hunywea mtu anapokua, ilikuwa bado inazalisha chembe hizo kwa wingi kama wa vijana.

Shemeji akauliza, "Wangenichukua na mimi?" Wasingekuchukua, shemeji. Wenye presha, wavutaji sigara na walevi waliwekwa kando tangu mwanzo. Ndiyo maana siuchukulii utafiti ule kama ushahidi kwamba baiskeli inaponya kila kitu. Unaonyesha jambo dogo zaidi, na kwangu linatosha: mengi tunayoyaita uzee ni kukaa.

Jioni tulifanya mazoezi yetu ya ndani. Kusimama kwa mguu mmoja wakati wa kupiga mswaki. Kuinuka kitini bila kushika kitu, mara kumi, tukapumzika, tukarudia. Leo kwa mapaja haya ilikuwa adhabu, tukaishia tano. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawataka watu wazima wafanye mazoezi ya wastani dakika 150 mpaka 300 kwa wiki, na wenye miaka 65 na zaidi waongeze mazoezi ya mizani ya mwili na nguvu angalau siku tatu. Dakika tunazo za kumwaga. Hayo mengine ndiyo wapanda baiskeli huyasahau.

Alhamisi, kilomita 45

Tambarare, na upepo wa mbele kutwa nzima. Mlima afadhali una kilele.

Ukipambana na upepo, kila kilomita unayoongeza kwenye mwendo inakugharimu zaidi ya ile iliyotangulia. Hata pasipo upepo, mwendo ukiongezeka maradufu, kizuizi cha hewa huwa mara nne. Maana yake pia ni kwamba ukipunguza kidogo tu unapata nafuu kubwa. Tulishuka kutoka 17 hadi 13 kwa saa na mazungumzo yakarudi. Tukapokezana mbele, dakika kumi kila mmoja, wa nyuma akijificha mgongoni mwa mwenzake.

Tatizo langu la leo ni mikono. Kidole kidogo na cha pete cha mkono wa kulia vimekufa ganzi tangu saa nne. Mshipa wa fahamu wa vidole hivyo unapita kwenye kitako cha kiganja, pale pale ninapoegemea usukani. Nimeinua usukani kidogo, nikanyoosha kiti ambacho kilikuwa kimeinama mbele na kunisukumia uzito mikononi, na kila dakika chache nabadilisha ninaposhika. Mchana ganzi ilikuwa imepungua. Isingepungua ningesimama, kwa sababu ganzi inayolala na wewe mpaka asubuhi si ya kuchezea.

Shingo nayo haigeuki tena mpaka nyuma. Kioo kidogo kwenye usukani, ambacho ujanani ningekicheka, leo kimenionyesha malori manne kabla sijayasikia.

Ijumaa, kilomita 40

Shemeji ameanguka.

Haikuwa kwa kasi, na hilo ndilo watu hawaliamini. Tulikuwa tunasimama kwenye njia panda. Baiskeli ikasimama, mguu wake ukachelewa kufika chini, akaenda ubavu taratibu na mizigo yake, kama picha iliyopunguzwa mwendo. Akatua kwa paja na kiwiko. Kofia haikugusa lami.

Nilimuuliza mara mbili na tatu kuhusu kichwa, nikaikagua kofia mwenyewe. Kwa mtu anayetumia dawa ya kuzuia damu isigande, pigo la kichwa ni la kwenda hospitali hapo hapo hata kama anacheka, maana damu inaweza kuvuja ndani kimya kimya kwa saa kadhaa. Kichwa kilikuwa salama. Paja lilianza kuvimba, na jioni hii lina doa la zambarau pana kama kiganja. Tulikaa chini ya mti zaidi ya nusu saa, tukaweka kitambaa cha maji baridi, akasimama, akatembea, akauegemea mguu bila maumivu makali. Angeshindwa kuuegemea, safari ingeishia pale. Mfupa wa nyonga hauna mchezo.

Baada ya hapo tulifanya mazoezi ya kusimama, barabarani pale pale, mzee wa miaka 71 na mwenzake. Hatua ni hizi: ukiona njia panda, gia nyepesi mapema. Teleza mbele utoke kwenye kiti wakati baiskeli bado inakwenda. Kanyagio moja chini, uzito wote hapo, mguu mwingine uko hewani ukingoja ardhi. Ndipo ubane breki. Wengi husimama wakiwa bado wamekaa kitini, na kwenye kiti kirefu ncha ya kiatu haifiki chini mpaka baiskeli iiname.

Kiti chake tumekishusha upana wa kidole kimoja. Goti linataka kiti kiwe juu, mguu unaotafuta ardhi unataka kiwe chini, na hakuna kimo kinachowaridhisha wote. Ujanani unalisikiliza goti. Kwa shemeji, kuanzia leo, ardhi inapewa nafasi kidogo.

Jumamosi

Mvua tangu alfajiri. Tumenyonga kilomita 12, lami inateleza, mwanga hafifu, na macho ya umri wetu hayaoni vizuri palipo na mwanga mdogo. Tukasimamisha gari la mizigo, tukapakia baiskeli, tukafika na magunia. Shemeji alisinzia njia nzima.

Jumapili, kilomita 42

Jua limerudi. Barabara inashuka polepole, upepo uko mgongoni, na paja la shemeji limemruhusu. Saa tano tuliliona ziwa, saa sita kasoro tulikuwa ufukweni tumevua viatu. Kilomita nzuri kuliko zote, na sina cha kuandika juu yake kwa sababu hakuna kilichouma.

Cha kuandika ni ubishi mpya. Shemeji ametangaza kwamba anataka baiskeli yenye mota ya betri. Amelifikiria tangu kwenye mlima. Nilikuwa na maneno yangu tayari, kwamba hiyo ni pikipiki iliyojificha, lakini akanizidi kwa hoja. Zile zinazokubalika kama baiskeli katika nchi za Umoja wa Ulaya, mota yake ni ya wati 250, inasaidia tu ukiwa unanyonga, na inajizima ukifika kilomita 25 kwa saa. Kwa hiyo kazi unaifanya, ila mlima haukuvunji. Akasema pia kwamba mtu akijua atafika nyumbani hata miguu ikigoma, atatoka mara nyingi zaidi. Hapo sikuwa na jibu.

Nina wasiwasi mmoja tu, uzito. Baiskeli hizo nyingi hufika kilo 20 na zaidi, na mtu aliyeangushwa Ijumaa na baiskeli nyepesi atabanwa na ile. Nimemwambia kwanza aijaribu kwa kusimama na kuondoka, kusimama na kuondoka, kabla hajaijaribu mlimani. Amekubali.

Kesho na keshokutwa hatupandi. Tutatembea, tutapanda ngazi, na Jumatano tutaonana kuona paja lina rangi gani. Safari nyingine tumeshaanza kuipanga: yeye na mota yake, mimi na gia yangu ya kitoto. Nimependekeza kwamba mwenye mota abebe mizigo ya wote wawili. Anasema atalifikiria.